Kutoka soba hadi ofisi ya ustawi: njia ya aliyeacha dawa za kulevya, Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Mtu akitoka salama soba, yaani nyumba ya kupata nafuu kwa wanaoacha dawa za kulevya, swali linalomsubiri nje ya geti ni la riziki. Kazi ya zamani imeshakwenda, ndugu wanamtazama kwa jicho la pembeni, na kitu anachokijua kwa undani kuliko wote mtaani ni kilekile alichotoka kukiacha. Ndiyo maana wengi husema watasaidia wenzao. Kazi hiyo ipo kweli. Tatizo ni mlango wanaoingilia: wanaanza na ushuhuda jukwaani, wanazoea posho za semina, na miaka mitatu baadaye hawana cheti wala mkataba, na wengine hata nafuu waliyokuja nayo imeshapotea. Hapa tunapanga safari kwa namna nyingine.

Kazi zenyewe

Ngazi ya kwanza ni mwelimishaji rika. Huyu anakwenda vijiweni, anatoa elimu, anawasindikiza watu kliniki na kuwafuatilia waliopotea. Mara nyingi hulipwa posho na nauli, si mshahara. Karibu naye yuko msimamizi wa soba, anayelala na kuamka na wakaazi. Kwa kazi hizi mbili, historia yako ni sifa.

Zinazofuata zinataka karatasi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, chini ya mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024, hupewa mafunzo ya miezi 6 na huhudumia eneo analoishi. Msaidizi na afisa ustawi wa jamii hufanya kazi halmashauri, hospitali, mahakamani na kwenye makao ya watoto. Mtu aliyetoka kwenye dawa akafika kwenye kiti hicho ana faida kubwa, kwa sababu mteja hawezi kumdanganya kirahisi. Lakini hakuna atakayempa kiti kwa sababu ya historia peke yake.

Kwanza hesabu miezi

Kipimo tunachokipendekeza ni miezi 12 safi kabla ya kujitolea kijiweni, na miezi 24 kabla ya kazi ya kulipwa inayokukutanisha kila siku na watu wanaotumia. Mwaka wa kwanza usingizi bado haujatulia, hasira ziko juu juu, na harufu ya foili inayochomewa unga, yaani heroini, inaweza kuamsha hamu iliyolala miezi mingi. Ndani ya mwaka huo kazi za kufanya zipo tele: kupika soba, kuandikisha wageni, kuongoza kikao cha asubuhi, kumpeleka mgonjwa hospitali.

Pombe inahesabika. Hili linabishaniwa sana, na sisi hatulegezi. Mtu aliyeacha unga akahamia gongo au vichupa vya pombe kali hajaanza kuhesabu. Kwa upande mwingine, anayekunywa methadone, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga, kwa dozi ya daktari na hatumii kingine yuko safi, na anahesabu tangu siku aliyoacha unga. Baadhi ya soba hazikubali hilo. Ukikuta soba ya namna hiyo, usibishane nao. Tafuta pa kujitolea pengine.

Kabla ya kugusa kazi hii, fanya kwanza miezi 6 kazi yoyote inayokupa fedha mkononi: kuanika dagaa, kupakia mizigo Kirumba mwaloni (pale samaki wanaposhushwa), ufundi, bajaji. Wengi hawaangushwi na shida, wanaangushwa na siku ya malipo. Ni afadhali ugundue tabia yako na fedha ukiwa na dagaa kuliko ukiwa na jina la mteja kwenye daftari lako.

Karatasi

Uraibu hula vyeti. Vingine viliuzwa, vingine vilibaki kwenye chumba kilichofungwa na mwenye nyumba. Anza kuvitafuta mapema, maana kila kimoja kina foleni yake.

Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba, ndicho cha kwanza. Angalia herufi kwa herufi kama jina lake linafanana na la cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Chuo kinaweza kukukwamisha kwa sababu mahali pamoja umeandikwa Yohana na pengine John. Tofauti ndogo husafishwa kwa hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti cha kidato cha nne kikipotea, safari inaanza kituo cha polisi kwa kuchukua ripoti ya upotevu, ndipo uende Baraza la Mitihani. Pata pia barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji unakoishi sasa, si kule ulikokuwa unatumia.

Hati ya polisi ya tabia njema huchukuliwa kwa alama za vidole. Kama uliwahi kuhukumiwa, usiombe kazi huku ukitumaini haitaonekana. Mweleze mwajiri mwenyewe, kabla ya hati kufika mezani, mwaka na kosa katika sentensi mbili. Kosa lenyewe mara nyingi si kubwa kuliko aibu ya kulificha.

Shule, kwa aliyeishia njiani

Aliyeishia darasa la saba anaanza na mtihani wa maarifa, QT, kisha anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa haraka kabisa ni miaka 2. Mitihani hufanyika Novemba na usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Anayechelewa hulipa zaidi, na akichelewa sana amepoteza mwaka mzima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina kampasi Mwanza, na vituo vya jioni viko vingi mjini. Chagua kituo kwa kuangalia njia ya kukifikia. Kama daladala inakushusha mbele ya kijiwe chako cha zamani saa mbili usiku, kituo hicho hakikufai hata kama ada yake ni ndogo.

Ukiwa na D nne za kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini, unaweza kuomba astashahada. Kutoka hapo ngazi ni tatu, NTA 4, 5 na 6, mwaka mmoja mmoja, na ukimaliza ya tatu una stashahada. Ukiipata kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi, mlango wa shahada uko wazi. Kwa ustawi wa jamii hasa, chuo kikongwe ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Dar es Salaam. Kwa asiyetaka kuhama Mwanza, Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa, Misungwi kuna chuo cha maendeleo ya jamii, na Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi na chuo viko kwenye orodha ya NACTVET (vyuo vya kati) au TCU (vyuo vikuu) ya mwaka huo. Vyuo vya uchochoroni vinavyotoa "cheti cha ushauri nasaha" kwa wiki mbili vipo, na cheti chake hakikufungulii kitu.

Kwa fani ya uraibu yenyewe kuna mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu, UTC, ulioandaliwa na Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi mbalimbali, wenye kozi 8 katika ngazi ya msingi. Ukisikia nafasi, iwahi. Ila nyenzo nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeanza kukinoa Kiingereza chake leo atafaidi zaidi.

Pale uzoefu wako unapokudanganya

Hapa ndipo tunataka ukae kidogo. Uzoefu wako unafungua mdomo wa mteja, na hilo hakuna shahada inayoliweza. Lakini ni uzoefu wa mwili mmoja na dawa moja au mbili. Makosa mabaya zaidi ya waelimishaji rika hutokana na kumpima mwenzake kwa kipimo cha mwili wake.

La kwanza ni pombe. Aliyepitia arosto ya unga, yaani mateso ya mwili ya kuacha, anajua kuwa inatesa lakini mara chache inaua mtu mwenye afya na maji mwilini. Anachukua ujuzi huo, anampelekea mnywaji wa gongo wa miaka kumi na kumwambia "kaza, siku tatu zitapita". Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo yakapanda, na akafa. Mtu anayetetemeka mikono asubuhi mpaka anywe ndipo atulie, au aliyewahi kupata degedege alipoacha, haachishwi nyumbani wala chumbani soba. Anapelekwa hospitali. Jifunze kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji una hatari. Kuanzia 20 mpeleke kwa mtaalamu.

La pili ni mtu aliyetoka gerezani au soba. Mwili wake umesahau dozi, kichwa hakijasahau. Akirudi kwenye kiwango cha unga alichokuwa akitumia mwanzo, pumzi inakata. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za kumfuatilia kwa karibu kuliko zote, na ndizo ambazo wengi humwacha "apumzike na familia". Jua dalili: mboni zimekuwa nukta, pumzi chache zenye mkoromo, midomo imebadilika rangi, haamki ukimsugua kifua kwa vifundo vya vidole. Ita msaada, fungua njia ya hewa, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 kama hapumui. Akianza kupumua mlaze ubavu na usimwache peke yake. Maziwa, maji ya baridi na kumtembeza ni kupoteza dakika. Dawa inayozindua inaitwa naloksoni. Ikitumika, bado apelekwe hospitali, maana nguvu yake huisha mapema na usingizi unaweza kurudi.

La tatu ni methadone. Mkoani Mwanza kliniki iko hospitali ya Sekou Toure, na dozi hunywewa mbele ya mhudumu. Mteja akianza dawa za kifua kikuu kisha akalalamika kuwa arosto imerudi, mwelimishaji mwenye maneno mengi humwambia ni visingizio. Si visingizio. Rifampisini hulifanya ini livunje methadone haraka, na dozi iliyomtosha jana haimtoshi leo. Mrudishe kwa daktari ipangwe upya. Na akikosa kliniki siku 3 mfululizo au zaidi, asiende kudai dozi yake ileile. Lazima aonwe kwanza, kwa sababu inaweza kumzidi.

Usimwahidi mtu wa Ukerewe methadone kana kwamba ni kidonge cha kubeba mfukoni. Kutoka Nansio, bandari ya kisiwa hicho, hadi Mwanza kwa meli ni takriban saa tatu, na mwanzoni kliniki ni ya kila siku. Zungumza naye kwanza kuhusu atakapoishi mjini, kwa nani, na nani atamlisha. Bila majibu hayo, rufaa yako ni karatasi tu.

Kijiweni na mwaloni

Nendeni wawili, kamwe si mmoja, na mmoja wenu awe na miaka mingi safi kuliko mwingine. Kabla ya siku ya kwanza, mwenyekiti wa mtaa awe na taarifa. Mwaloni, viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) pia. Beba kitambulisho cha asasi na nakala ya barua. Usishike kete (kifurushi cha dawa) ya mtu hata "dakika moja tu", usimtumie mtu fedha ambazo hatakuonesha matumizi yake, na msako wa polisi ukifika usikimbie, maana anayekimbia na wanaotumia huhesabiwa pamoja nao.

Ratiba za ofisini huwa za Jumatatu hadi Ijumaa. Wavuvi wa dagaa hawana Jumatatu. Wanavua kwa taa gizani, na mbalamwezi ikikomaa wanapumzika siku kadhaa. Siku hizo ndipo malipo hugawanywa na pombe hunywewa. Ukienda kambini siku za giza utakuta watu wamelala mchana kwa uchovu na wanataka ukatize maneno. Ukienda mbalamwezi imekomaa kabisa utawakuta wamelewa. Siku nzuri ni ile moja au mbili kabla ya mapumziko kuanza: fedha inakuja, bado haijafika, na mtu anaweza kupanga nayo. Weka kalenda ya mwezi ukutani ofisini. Haigharimu kitu.

Angalia pia maneno. Mtaani mtu ni teja, ofisini ni mteja, na tofauti ni herufi moja tu. Wengi waliopitia huko hujiita mateja kwa utani, na kati yao utani huo una joto lake. Usiuandike kwenye fomu, na usiuseme mbele ya mama yake.

Kuhusu hadithi yako: dakika mbili zinatosha, na itoke pale tu inapomsaidia aliye mbele yako. Usitaje bei, njia ya kutumia, wala jina la aliyekuwa anakuuzia. Wakikualika semina utoe ushuhuda, uliza mambo matatu: nani atapiga picha na zitakwenda wapi, unalipwa nini, na je, kuna nafasi ya mafunzo baadaye. Mwaliko wa tatu wa ushuhuda bila mafunzo yoyote, kataa. Unatumika kama pambo.

Fedha, simu na samaki

Usimkopeshe mteja wala usikope kwake. Namba ya kazi iwe laini tofauti, izimwe saa mlizokubaliana na msimamizi, na wateja wapewe namba nyingine ya dharura. Mapenzi na mteja hayapo, hata akisema yeye ndiye anayetaka. Sato wawili kutoka kwa mvuvi aliyepata nafuu ni jambo gumu, kwa sababu kukataa kitoweo ni tusi. Wapokee kwa niaba ya ofisi, waandikwe, waliwe na wote mchana. Akianza kuleta kila wiki, msimamizi azungumze naye, si wewe.

Tenganisha pia usponsa na kazi. Kwenye vikundi vya NA (Narcotics Anonymous, waraibu wanaosaidiana kuacha), mwenzako, yaani sponsa, anakusindikiza hatua kwa hatua bila malipo, na mila ya nane ya NA inasema wazi kuwa ushirika huo hauna wataalamu. Kwa hiyo mteja wako wa ofisini asiwe mtu unayemlea kwenye NA. Na kikao chako mwenyewe cha NA hakihesabiwi kama saa ya kazi: kule unakwenda kama mgonjwa, na siku utakapoanza kwenda kama mtaalamu, hatari imeanza.

Barua ya kazi na usaili

Miaka iliyopotea usiijaze na kazi ya uongo. Andika "2016 hadi 2020: matibabu na upataji nafuu", kisha weka kila ulichofanya tangu hapo kwa tarehe na idadi: vikao ulivyoongoza, watu uliosindikiza kliniki, mafunzo na siku zake. Anza daftari hilo leo, lisiwe na majina ya wateja. Wadhamini wawe wawili angalau, mmoja asiyehusiana na soba: mwalimu, fundi uliyemfanyia kazi, mtendaji.

Wakikuuliza "tutajuaje hutarudi nyuma?", usiape. Jibu kwa vitu vinavyoonekana: miezi yako, sponsa wako, siku unazohudhuria vikao, na mpango ulioandikwa wa nini kitatokea ukiteleza. Halafu uliza wewe: msimamizi ni nani na mtakutana naye mara ngapi kwa mwezi, posho hulipwa tarehe ngapi, nauli ya visiwani ni ya nani. Asasi isiyo na jibu la swali la kwanza itakuchosha kabla ya mwaka kuisha.

Karatasi ya kuteleza

Iandike ukiwa na akili timamu, ukurasa mmoja. Juu weka dalili zako tatu ambazo wengine huziona kabla yako: kuacha kula na wenzako, kuchelewa Ijumaa, kukopa vijisenti. Chini yake andika nani aambiwe kwanza na namba zake. Kisha kazi: siku hiyohiyo unakabidhi daftari, laini ya ofisi na orodha ya wateja, na huendi kijiweni mpaka mtu mliyekubaliana aseme sasa. Kama ni mara moja na umesema mwenyewe, wengi hurudi kwenye kazi za ndani baada ya siku 90 na vijiweni baada ya miezi 6. Kama umefumaniwa, unaanza kuhesabu 12 upya. Saini wewe, asaini msimamizi. Nakala moja ikae faili la ofisi, nyingine apewe sponsa, na ya tatu mpe mtu wa nyumbani ambaye hatakuonea haya kuitoa.